Hesabu Ilitimia Getini

Siku ile tulihesabiana getini, tukatimia watano.

Nikafunga kwa sala. Nikamshukuru Mungu kwamba ametutoa wote salama, hajapungua hata mmoja. Tukaitikia amina, tukaondoka kwa mstari kama tulivyozoea.

Ila pale getini tulikuwa wanne.

Najua unachowaza. Mtu mzima, ana ndevu, anashindwa kuhesabu mpaka tano? Tulia kwanza nikueleze, maana hata mimi ilinichukua muda kulielewa, na sina hakika kama nimeshalielewa lote.

Kazi yangu ni usalama kazini. Kiwanda chetu kinatengeneza mabeseni, ndoo na viti vya plastiki, na plastiki ikishika moto haina mjadala. Mimi ndiye ninayekagua mitungi ya kuzimia moto, ninayegombana na watu wanaopanga maboksi mbele ya milango ya dharura, na ninayepuliza filimbi siku ya zoezi la kutoka kwa dharura. Mtaani kwetu wananiita Filimbi. Sikuwahi kulikasirikia hilo jina.

Siku ya zoezi wafanyakazi wote wanatoka, wanasimama uwanjani kwa idara, na kila msimamizi anaita majina. Bosi anataka majina yakamilike ndani ya dakika tano. Yakizidi, zoezi linarudiwa, na hakuna binadamu anayetaka kurudia zoezi kwenye jua la saa saba.

Sasa sikia janja ya kiwandani. Kama fulani yuko chooni, au amejificha stoo anavuta usingizi, mwenzake anamwitikia. "Yupo." Msimamizi anaweka alama, maisha yanasonga.

Nilikuwa najua. Nilifumba macho, kwa sababu karatasi ikitoka safi na mimi naonekana nafanya kazi.

Nyumbani tuko watano. Kuna mke wangu, mwalimu wa watoto wadogo, mtu wa maneno machache na maswali mazito. Kuna kijana wetu Mrefu, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, urefu wake ulitangulia akili ikabaki inamfuata taratibu. Kuna binti yetu wa miaka tisa, Kasuku, jina limejieleza lenyewe.

Na kuna mama yangu. Kwa nyumba nzima ni Bibi.

Mama alianguka bafuni miaka miwili iliyopita akavunjika nyonga. Tangu hapo anatembelea fremu ya chuma ya miguu minne. Anaisukuma mbele, anapumzika, anaifuata, anapumzika tena. Chumba chake ni cha nyuma, jirani na jiko na mlango wa uani, unaotokea kwenye uchochoro unaopanda nyuma ya nyumba. Kasuku analala naye humo.

Tuna desturi yetu, marehemu baba ndiye aliyeianzisha. Kila jioni kabla ya sala, baba wa nyumba anaita kila mtu kwa jina, na kila mtu anaitika "nipo". Baba alisema huwezi kuwakabidhi watu kwa Mungu kama hujui wako wapi. Sasa mama akishalala mapema, kifua chake hakina nguvu ya kuitika mpaka sebuleni. Basi Kasuku anamwitikia kwa ile sauti yake ya kuvuka ukuta: "Bibi yupo."

Kwenye sala haikuwa na shida yoyote. Bibi alikuwa kitandani, mlango wazi, anasikia kila kitu na amina anaitikia kimoyomoyo.

Mwaka jana nyumba moja mtaa wa pili iliungua. Hakufa mtu, lakini ile familia ilitawanyika, kila mmoja akakimbilia upande wake, na baba wa watu aliingia ndani ya moto mara mbili kumtafuta mtoto aliyekuwa amekaa kwa jirani anakunywa uji. Mikono yake haikupona vizuri.

Mchungaji wetu likamgusa. Akahubiri Jumapili mbili mfululizo juu ya kujiandaa. Akasema Nuhu hakungoja tone la kwanza ndipo akatafute mbao. Akasema Yusufu alipoonywa ndotoni aliamka palepale, akamchukua mtoto na mama yake, akaondoka nao. Kwa hiyo kila kaya ya kanisa iandike mpango wa kutoka nyumbani kwa dharura: nani anafunga gesi, nani anabeba nyaraka, mnakutana wapi, na mkishatoka hakuna kurudi, mkumbuke mke wa Lutu.

Halafu akatangaza kwamba mratibu wa jambo hilo ni mimi.

Ndugu yangu, kichwa kilivimba. Kiwandani watu wananikimbia kama deni, kanisani nimeitwa mbele nikapigiwa makofi.

Nikaandika mpango wetu kwenye karatasi ngumu nikaubandika nyuma ya mlango wa sebule. Mama akaomba asomewe. Nikamsomea. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Na mimi nitatoka na nani?"

"Mimi na Mrefu tutakubeba kwa kiti, mama. Imeandikwa hapa."

Akasema sawa.

Zoezi la kwanza tulimbeba kweli. Ilikuwa vurugu. Mguu wa kiti ulinasa kwenye kona ya korido, Mrefu akakosea kushika, mama akabanwa mkono, akaugulia kwa sauti ya chini ile ambayo ni mbaya kuliko kelele. Tulipofika getini nikatazama saa. Dakika kumi na moja.

Dakika kumi na moja ni aibu. Kiwandani watu mia mbili na themanini wanatoka kwa tano.

Basi Jumamosi iliyofuata nikatoa agizo kwamba kwa mazoezi Bibi apumzike, tusimuumize bure, siku yenyewe ikifika tutambeba. Mke wangu akauliza siku yenyewe tutajuaje kumbeba kama hatujajizoeza. Nikamjibu kwamba nguvu za siku hiyo Mungu atazitoa siku hiyo. Nilisema kwa sauti ya kanisani, na ukishasema kwa sauti hiyo mtu anaona soni kukubishia.

Kasuku ndiye aliyeuliza la pili.

"Baba, na Bibi tukimwita nani ataitika?"

"Wewe. Kama kwenye sala."

Nakumbuka nilipokuwa nimesimama niliposema hivyo. Nilikuwa nafunga kamba ya kiatu.

Tukatoka kwa dakika tatu na sekunde arobaini. Tukahesabiana getini, Kasuku akamwitikia Bibi, tukaomba, tukatembea mpaka uwanja wa shule ambako ndiko pa kukusanyikia, tukakaa kidogo, tukarudi. Karibu saa nzima. Tulimkuta mama kitandani, tukamwambia tumevunja rekodi. Akatupongeza.

Tukawa tunafanya hivyo kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Zoezi la sita mchungaji alikuja na wawakilishi wa kaya ishirini, wakasimama barabarani kuangalia familia ya mfano. Nilipuliza filimbi, na watu wangu wakatoka kama jeshi. Dakika tatu na sekunde tano. Makofi yakapigwa, tukatembea nao mpaka uwanjani na kurudi. Mchungaji akaingia ndani kumsalimia mama, akamwuliza anaonaje hawa watu wake. Mama akasema wanakimbia vizuri.

Tukacheka wote. Mimi nilicheka zaidi.

Sasa njoo kwenye siku yenyewe.

Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri. Haikuwa Jumamosi ya zoezi. Nilikuwa nimevua shati naangalia mpira, na nilianza kusikia harufu kabla sijasikia kelele. Petroli. Ukifanya kazi yangu pua inajifunza, unaijua hata ikiwa kijiko.

Hii haikuwa kijiko. Lori la tanki lilikuwa limepinduka kwenye kona ya barabara ya juu, na mafuta yalikuwa yanashuka kwenye mtaro wa maji ya mvua. Mtaro huo unapita mbele ya geti letu.

Gari la polisi likasimama mbali juu, kipaza sauti kikaanza. Ondokeni, msiwashe moto, msiwashe gari, msiguse swichi ya taa, elekeeni uwanja wa shule.

Nikapuliza filimbi.

Nataka uelewe jambo moja, kwa sababu watu wengi wananiuliza kama nilichanganyikiwa. Sikuchanganyikiwa. Nilikuwa mtulivu kuliko nilivyo sasa ninapoandika. Nilifunga gesi, nikazungusha mara mbili na nusu. Mke wangu alilowesha vitambaa akachukua mkoba wa dharura. Mrefu alibeba maji. Kasuku alibeba bahasha ya nyaraka kifuani. Miguu ilijua njia, mikono ilijua kazi.

Mwili ulifanya kile ulichofundishwa. Na kwa mazoezi yote yale, ukiacha lile la kwanza, hakuna mguu uliowahi kufundishwa kuingia chumba cha nyuma.

Getini nikaita majina. Mke wangu akasema nipo. Mrefu akasema nipo. Kasuku akasema nipo.

"Bibi."

"Bibi yupo," akasema Kasuku.

Nikajitaja mwenyewe, nikasema nipo. Watano. Tukafumba macho sekunde kumi, nikaomba ile sala niliyokutajia. Nikatazama saa. Dakika mbili na sekunde hamsini, hatujawahi kupata hiyo. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Mzimamoto alikuwa anashuka na mtaa, anapita nyumba kwa nyumba, barakoa imening'inia shingoni. Akauliza kama ndani kuna mtu. Nikamwambia hakuna, tumetoka wote.

"Una hakika?"

"Kaka, hii ndiyo kazi yangu. Nimehesabu."

Akachora msalaba wa chaki kwenye geti, maana yake nyumba tupu, wasipoteze muda hapa. Akapita.

Tukatembea mpaka uwanja wa shule, mwendo wa robo saa. Uwanja ulikuwa umejaa. Mke wangu akatandika shuka kwenye nyasi, akafungua mkoba, akaanza kupanga vitu. Chupa. Mkate. Tochi. Kibahasha cha dawa.

Saa kumi kamili mama hunywa dawa ya presha. Mke wangu hajawahi kuikosa hiyo saa. Akamimina maji kwenye kikombe, akatoa kidonge kimoja akakiweka kwenye kiganja, akageuka kumpa mwenyewe.

Akageuka upande huu. Akageuka upande ule.

"Baba watoto," akasema, "mama yuko wapi?"

Niliona kikombe kimeinama na maji yanamwagika kwenye shuka. Nilikuwa nasubiri moyo upasuke. Haukupasuka. Haukufanya kitu. Ilikuwa kama umelalia mkono usiku ukaamka hauna habari, unaushika unauona ni wako lakini haukujibu. Ganzi ile iliniingia mwili mzima na sehemu yake haijatoka mpaka leo.

Nikamgeukia mtoto. Hilo ndilo ninalolionea aibu kuliko yote, kwamba jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kumgeukia mtoto.

"Kwa nini ulisema Bibi yupo?"

Kasuku aliniangalia. Hakulia.

"Baba, si wewe uliniambia niwe nasema."

Baada ya hapo hakusema neno lingine kwa siku tisa. Kasuku wetu.

Nilikimbia. Chini ya uwanja polisi walikuwa wamefunga utepe, wananizuia, nawaeleza, wananizuia. Wakamwita yule mzimamoto kwa redio. Akaja na jasho, akanitazama, akanikumbuka.

"Si ulisema umehesabu?"

"Nilihesabu."

"Mimi nimeandika tupu kwa maneno yako, mzee."

Hakungoja jibu. Alivaa barakoa akageuka kushuka. Mkubwa wake akamrudisha: upepo umegeuka, hakuna kushuka kupitia mbele, azunguke nyuma kwa njia ya makorongoni. Njia hiyo ni ndefu. Nikaomba niende naye, wakanishika mabega mawili.

Watu wa kanisa wakanizunguka. Mchungaji akaweka mkono kichwani pangu akaanza kuomba. Nilisikia maneno yake yote, niliyaelewa, ila nilishindwa kuitikia amina. Kila nikitaka kuitikia nakumbuka kwamba hiyo amina nilishaitumia pale getini kwa jambo la uongo.

Saa kumi na nusu moto uliruka.

Hatukujua ni cheche ya nini. Mtaro mzima uliwaka kutoka chini kuja juu, sauti yake kama turubai kubwa linalopasuliwa. Kutoka utepeni niliona geti letu, ukuta wa mbele, dirisha la sebule. Niliona moto unaingia kwenye dirisha lile bila haraka.

Nikakaa chini. Mke wangu akaja akakaa pembeni yangu. Kile kidonge bado alikuwa nacho mkononi, kimeshaanza kuyeyuka.

Sijui tulikaa muda gani. Watu wanasema dakika ishirini. Mimi ninachokumbuka ni Mrefu kusimama ghafla na kunyoosha mkono kuelekea upande mwingine kabisa wa uwanja, kule juu inakotokea njia ya uchochoroni.

Yule mzimamoto alikuwa anakuja. Pembeni yake anakuja mwanamke mzee na fremu ya chuma.

Hakuwa amembeba. Anasukuma fremu, anapumzika, anaifuata. Mzimamoto naye anapumzika akipumzika. Baadaye alituambia alijaribu kumbeba mara mbili, akakataliwa mara mbili.

Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Watu walilia, wengine walipiga magoti. Mzimamoto akaeleza hakumtoa ndani ya nyumba, amemkuta nje, juu kabisa ya uchochoro, nyuma ya banda la fundi cherehani, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kitambaa cha maji puani. Alikuwa hapo kabla moto haujawaka.

Nyumbani mpaka kwa fundi cherehani ni hatua mia mbili za mtu mzima mwenye miguu yake, na ni kupanda. Mwanamke niliyekuwa nikimpigia hesabu ya mwendo kutoka kitandani mpaka chooni.

Basi kanisa likasema malaika. Nani mwingine? Jumapili mchungaji akalitaja madhabahuni, watu wakasimama wakaimba. Na mimi nikasimama. Nilitaka sana iwe malaika. Ingekuwa malaika, basi mimi nimesamehewa kabla sijaomba, na mambo yanaishia hapo.

Mama alilazwa siku tatu kwa ajili ya ile hewa aliyovuta. Jumapili hiyo hiyo, baada ya ibada, nikaenda peke yangu. Wodi ilikuwa na vitanda vinane, chake cha dirishani. Nikamweleza ibada ilivyokuwa, watu walivyoimba, na habari ya malaika.

Mama akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia nivute kiti.

"Malaika gani, mwanangu? Ni miguu yangu."

Nikasema lakini mama, ni mbali. Akasema anajua ni mbali, ameshaenda.

"Zoezi la pili, mlipofika getini nilisikia mtoto ananiitikia," akasema. "Nikajua."

"Ukajua nini?"

"Kwamba siku ikifika nitaitikiwa."

Alisema bila hasira. Angekuwa na hasira ningejua pa kushika. Alisema kama mtu anayekueleza jinsi alivyogundua paa linavuja akaweka ndoo.

Akaniambia alianza siku ileile. Sisi tukitoka mbele, yeye anatoka nyuma. Tuna saa nzima ya kwenda uwanjani na kurudi, naye alikuwa na saa nzima yake. Mara ya kwanza alifika mlango wa uani akarudi. Mara ya pili akafika kwenye simtanki la maji. Siku aliyokuja mchungaji na watu wake, wakati mimi napigiwa makofi barabarani, yeye alikuwa ameshafika nusu ya uchochoro na kurudi, akajifunika shuka, ndiyo maana alikuwa anahema alipokuwa anasalimiwa. Wiki mbili kabla ya lori kupinduka ndipo alipofika kwa fundi cherehani kwa mara ya kwanza. Alifurahi sana siku hiyo, akasema, na hakuwa na wa kumwambia.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mimi.

"Ulikuwa umefurahi," akasema. "Miaka mingi sijakuona umefurahi na kitu."

Nesi akapita na kitoroli, akampima, akaondoka. Nikaona ni lazima niulize na lililobaki, maana nisipouliza pale sitauliza tena.

"Mama, Jumamosi. Uliposikia filimbi."

Akanyoosha shuka kwenye magoti.

"Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikasubiri. Nilisema, leo siyo zoezi, leo watakuja. Nikaita, ila kifua changu unakijua. Halafu nikasikia mtoto ananiitikia getini." Akanigusa mkono. "Nikashika fremu."

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini sikulia pale. Nilikaa, nikamenya chungwa, nikampa kipande kimoja kimoja mpaka likaisha. Nikaaga. Nilipofika kituoni nikagundua maganda yote nimeyashika mkononi.

Nilifanya niliyoweza. Nilipiga magoti mbele ya Kasuku nikamwambia lile kosa ni la baba, lote, yeye hana hata kipande. Jumapili iliyofuata nikaomba nafasi nikasimama mbele ya kanisa, nikawaambia hakuna malaika, kuna mama yangu aliyejua mwanawe atamwacha akajipanga. Hakuna aliyeimba. Mchungaji akasema kesho yake kaya zote zirudishe karatasi zao tuziandike upya. Kiwandani nako niliwaambia wasimamizi anayeitikia mwenzake ataandikwa barua, na sasa majina yanachukua dakika tisa na bosi hanipendi.

Sasa nikupe ninachokijua, kichukue au kiache.

Mpango wa familia uanze na yule asiyeweza kukimbia. Mwandike wa kwanza, mbebe wa kwanza, mjizoeze naye hata kama anaugulia, hata kama saa inawaaibisha. Ukihesabu watu wako, usihesabu kwa masikio. Mguse kila mmoja. Na usimwambie Mungu atatoa nguvu kwa kazi ambayo wewe umeona uvivu kuifanya ukiwa na nguvu. Yusufu aliambiwa awachukue mtoto na mama yake, akawachukua. Mahubiri yale niliyasikia, nikayaandika kwenye daftari, nikapiga mstari chini kwa kalamu nyekundu.

Tumejenga tena upande wa mbele. Mama tumemhamishia chumba cha mbele, hatua nane kutoka mlangoni. Kila zoezi mimi na Mrefu tunambeba, hatukosi, na tumetoka dakika kumi na moja tukafika sita. Kasuku ameanza tena kuongea, ila kwenye sala ya jioni hamwitikii mtu. Bibi akilala mapema, anainuka anaenda kumshika mguu, kisha anarudi kukaa.

Jumamosi iliyopita, isiyo ya zoezi, mke wangu na watoto walikuwa nje wanafagia, mimi niko ndani. Nikasikia chuma kwenye korido. Kinagonga, kinanyamaza, kinagonga. Nikatoka. Mama alikuwa ameshapita jiko, anaelekea mlango wa nyuma, ule wa uani, na kitambaa begani.

Nikamwambia mama, jamani, siku hizi tunakubeba. Si unaona wiki jana tulivyokubeba?

"Naona, mwanangu. Mnabeba vizuri," akasema.

Nikanyoosha mikono nimshike. Akaisogeza fremu hatua moja mbele, akapumzika.

"Wewe nenda kasimame getini na wenzako," akasema. "Tutakutana uwanjani."

Nikaenda nikasimama getini.